Kizuri chajiuza, lakini nani anapita dukani?

Ndugu wasikilizaji, wahenga walituachia usemi kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Usemi huu hutumika sana michezoni. Msichana wa sekondari akirudi nyumbani kutoka kwenye mashindano bila hata mtu mmoja kumuuliza jina, wakubwa humwambia avumilie, kwani kama kweli anajua mpira ataonekana tu. Ni maneno ya kufariji. Je, ni maneno ya kweli?

Leo nataka tulipime jambo hilo kwa historia ya mchezo ambao magazeti yetu huupa nafasi ndogo, yaani mpira wa kikapu wa wanawake katika vyuo vikuu vya Marekani. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, huko karibu kila kitu huandikwa: pointi, pasi, mipira iliyodakwa chini ya ubao, hata dakika ambazo mchezaji alikaa uwanjani. Kwa hiyo mtu anaweza kurudi nyuma akalinganisha yale yaliyosemwa juu ya msichana kabla, na yale aliyoyatenda baadaye. Pili, huko nafasi katika timu ya chuo mara nyingi ni nafasi ya kusoma bila kulipa ada. Anayekosa kuonekana hakosi kombe tu. Huenda akakosa na shahada.

Tuanze mwanzo. Mpira wa kikapu ulibuniwa na James Naismith mwezi Desemba mwaka 1891, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts. Haukupita mwaka, mwalimu mmoja wa mazoezi ya viungo, Senda Berenson, aliyezaliwa Lithuania, akaupeleka kwa wanafunzi wake wa Smith College, chuo cha wasichana kisicho mbali na hapo. Mwezi Machi mwaka 1893 wasichana wa darasa moja wakapambana na wa darasa jingine. Wanaume hawakuruhusiwa kuingia kutazama.

Berenson alibadilisha sheria. Uwanja aliugawa sehemu tatu, na kila mchezaji akapaswa kubaki katika sehemu yake. Kumpokonya mwenzako mpira mikononi kulikatazwa. Aliogopa kwamba wazazi na madaktari wa siku zile wangeupiga marufuku mchezo huu kama ungeonekana wa vurugu, na kwa kiasi fulani sheria hizo ndizo zilizouokoa. Lakini hebu tutazame upande wa pili. Msichana mwenye pumzi ya kukimbia uwanja mzima angejulikanaje, wakati sheria inamkataza kuvuka mstari? Sheria za namna hiyo, za kuugawa uwanja na kuwatenga washambuliaji na walinzi, ziliendelea kwa sura mbalimbali hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa karibu miaka 80, mchezaji wa kike alipimwa kwa kipande tu cha uwezo wake. Huu ni mfano wa kwanza wa kizuri kilichoshindwa kujiuza, kwa kuwa mlango wa duka ulifungwa kwa ufunguo.

Mahali pengine walifunga duka lenyewe. Katika jimbo la Mississippi kulikuwa na chuo kinachoitwa Delta State, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 nahodha wa timu yake ya wanawake alikuwa msichana aitwaye Margaret Wade. Uongozi wa chuo ukaivunja timu hiyo kwa hoja kwamba mchezo ni mzito mno kwa mabinti. Wade na wenzake walizichoma moto sare zao kwa uchungu. Tulishike jina hilo, maana litarudi.

Sasa tuingie mwaka 1972, mwaka ambao mambo yalianza kugeuka. Mwezi Machi mwaka huo timu 16 za vyuo zilikutana jimboni Illinois kutafuta bingwa wa taifa wa wanawake. Miongoni mwazo ilikuwemo Immaculata, chuo kidogo cha Kikatoliki cha wasichana kilichoko nje ya Philadelphia, kikiendeshwa na watawa. Wakati ule wasichana hawakulipiwa masomo kwa ajili ya michezo, kwa hiyo timu iliundwa na watoto wa mitaa ya jirani. Nyota wao, Theresa Shank, alikuwa amechagua kusoma karibu na nyumbani baada ya nyumba ya wazazi wake kuungua moto. Wachezaji waliuza miswaki ili kupata nauli. Fedha zilitosha watu wachache tu, hivyo wakasafiri wachezaji wanane, tena kwa tiketi za kusubiri nafasi ikipatikana kwenye ndege.

Wapangaji wa mashindano waliiweka Immaculata nafasi ya 15 kati ya 16 kwa ubora. Huwezi kuwalaumu sana. Siku chache kabla ya hapo, timu hiyo ilikuwa imelazwa pointi 70 kwa 38 na majirani zao, chuo cha West Chester. Mtu yeyote mwenye akili timamu akiona tofauti ya pointi 32 atasema hawa hawana lao. Lakini kocha wao, Cathy Rush, aliyekuwa bado kijana, hakulichukua tokeo hilo kama hukumu. Immaculata ikazibwaga timu moja baada ya nyingine hadi fainali, na huko ikakutana na nani? West Chester wale wale. Safari hii Immaculata ikashinda 52 kwa 48. Ikatwaa ubingwa tena mwaka 1973, na tena mwaka 1974.

Ndugu wasikilizaji, nataka tuone jambo moja katika habari hii ambalo wengi hulipita. Kikosi kile hakikutoa wachezaji tu. Theresa Shank, aliyejulikana baadaye kama Theresa Grentz, alikuja kuwa kocha wa timu ya taifa ya Marekani kwenye Olimpiki ya mwaka 1992. Marianne Stanley, aliyefuata katika timu hiyo hiyo, aliiongoza Old Dominion kutwaa ubingwa wa vyuo mwaka 1979, 1980 na 1985. Aliyeipima timu ile kwa tokeo la 70 kwa 38 alihesabu pointi kwa usahihi kabisa. Alichokosa kukihesabu ni akili iliyokuwa inajifunza kutokana na kipigo hicho.

Miezi mitatu baada ya ubingwa wa kwanza wa Immaculata, tarehe 23 Juni 1972, Rais Richard Nixon alitia saini sheria iliyopiga marufuku ubaguzi wa jinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Maneno yake hayakutaja mpira wala kikapu. Hata hivyo, vyuo vililazimika pole pole kuwapa wasichana makocha, viwanja, na baadaye ufadhili wa masomo. Chuo cha Delta State nacho kikafufua timu yake mwaka 1973, miaka 40 baada ya kuizika. Kocha akawa nani? Margaret Wade, sasa mama wa miaka 60.

Wade alihitaji mchezaji mrefu. Mwenzake wa chuoni, Melvin Hemphill, ndiye aliyemfuata msichana mweusi mmoja wa vijijini Mississippi, Lusia Harris wa Minter City, mtoto wa wakulima na mmoja wa watoto 11. Harris alikuwa amekusudia kwenda chuo cha Alcorn State, ambacho hakikuwa na timu ya wanawake. Yaani kama mtu huyo asingefunga safari, binti huyu angesoma shahada yake vizuri, na jina lake katika mpira lisingesikika kamwe.

Aliyoyafanya Harris ni haya. Delta State ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1975, 1976 na 1977, mara ya kwanza kwa kuifunga Immaculata pointi 90 kwa 81. Yeye peke yake alifunga pointi 2,981 katika miaka yake chuoni. Wanawake walipocheza kikapu kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Montreal mwaka 1976, kikapu cha kwanza kabisa katika historia ya mashindano hayo kilifungwa na Lusia Harris. Mwaka 1977 timu ya wanaume ya New Orleans Jazz ilimtaja katika uteuzi wake wa wachezaji wapya. Hakwenda. Ligi ya wanawake ya kulipwa yenye kudumu haikuwepo, na yeye akarudi kwenye maisha ya ualimu na ukocha. Mwaka 1992 aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo, na alifariki mwezi Januari mwaka 2022.

Kwa hiyo Harris alikosa barabara mara mbili. Kabla ya chuo barabara haikuwepo, akatokea mtu akamchongea njia ya miguu. Baada ya chuo haikuwepo tena, na safari hii hakutokea mtu. Kipaji kilikuwa kile kile.

Mwaka 1982 chama kikubwa cha michezo ya vyuo, NCAA, kilichokuwa kikishughulika na wanaume, kikaanza mashindano yake ya wanawake. Fainali ya kwanza ilichezwa Norfolk, jimbo la Virginia, na Louisiana Tech ikashinda 76 kwa 62. Aliyeshindwa ndiye wa kukumbukwa hapa. Ilikuwa Cheyney State ya Pennsylvania, chuo kilichoanzishwa mwaka 1837 kwa ajili ya elimu ya watu weusi, chuo maskini kisichokuwa na fedha za kuwavuta nyota. Kocha wao alikuwa C. Vivian Stringer. Hakuna chuo kingine cha asili ya watu weusi kilichowahi kufika fainali hiyo ya daraja la juu. Stringer baadaye alizifikisha Iowa na Rutgers katika timu nne bora, akawa kocha wa kwanza kuvifikisha hapo vyuo vitatu tofauti. Kati ya nyota wa Cheyney mwaka ule alikuwa Yolanda Laney. Jina hilo nalo litarudi.

Kuanzia hapo mchezo ukapata fedha na televisheni, na fedha ikaleta orodha. Kukawa na orodha ya wasichana bora wa sekondari, orodha ya vyuo bora 25 kila juma, na ligi ya kulipwa ya WNBA ilipoanza mwaka 1997, orodha ya wanaostahili kuteuliwa. Zamani hakuna aliyetajwa. Sasa wametajwa baadhi, na wasiotajwa wakaonekana kana kwamba wamepimwa wakakutwa wamepungua, hata pale ambapo hakuna aliyewapima.

Tutazame mfano wa tarehe 14 Machi 1998. Chuo cha Harvard kilipangiwa kucheza na Stanford, tena nyumbani kwa Stanford. Harvard ni chuo cha wasomi kisichotoa ufadhili kwa sababu ya michezo, na kilipangwa nafasi ya 16, ya mwisho katika kundi lake. Stanford ilikuwa ya kwanza. Tangu mpangilio huo uanze, kwa wanaume na kwa wanawake, timu ya nafasi ya 16 haikuwa imewahi kuifunga ya kwanza. Harvard ikashinda 71 kwa 67. Allison Feaster, binti wa Chester, South Carolina, alifunga pointi 35 na kudaka mipira 13.

Sasa hapa ndipo penye somo kwa yeyote anayependa kupima wachezaji. Feaster hakuwa siri. Msimu ule alikuwa anaongoza nchi nzima kwa wastani wa pointi kwa mechi. Namba zilikuwa mezani, wakubwa wakazipunguzia thamani, wakisema anazipata dhidi ya vyuo dhaifu. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Anayefunga pointi 28 dhidi ya walinzi wazembe si lazima azipate dhidi ya walinzi wakali. Lakini kupunguza ni lazima kuwe na kipimo. Muuza nafaka akiona mchanga kwenye gunia huondoa kilo moja au mbili, hatupi gunia zima. Na kwa haki tuseme pia kwamba Stanford ilikuwa imepoteza wachezaji wake wawili muhimu kwa majeraha ya goti muda mfupi kabla. Mechi moja haithibitishi kila kitu. Kilichothibitisha ni yaliyofuata: Feaster aliteuliwa wa tano katika WNBA mwaka ule ule, na akacheza katika ligi hiyo kwa miaka mingi.

Mwaka uliofuata, 1999, ukatupatia mfano mwingine. Katika chuo cha Colorado State alikuwepo Becky Hammon, msichana wa Rapid City, South Dakota, mwenye urefu wa futi tano na inchi sita. Katika mchezo wa warefu, huyo ni mfupi. Aliifikisha timu yake katika 16 bora. Siku ya uteuzi wa WNBA, raundi zote zikapita bila jina lake kutajwa.

Kwa nini? Urefu ulichangia, na chuo chake kutokuwa na jina kulichangia. Lakini ipo sababu ya tatu isiyomhusu yeye hata kidogo. Ligi nyingine ya wanawake, ABL, ilikuwa imefilisika mwezi Desemba mwaka 1998, na wachezaji wake wazoefu wakaingia katika uteuzi huo huo kutafuta ajira. Foleni ikawa ndefu, na wa nyuma wakafungiwa mlango. Mtu akisoma orodha leo anaona tu kwamba Hammon hakuteuliwa, haoni foleni.

New York Liberty wakampa nafasi ya kujaribu. Akacheza miaka 16 katika ligi, akateuliwa mara sita katika kikosi cha nyota, na San Antonio ikaitundika jezi yake. Mwaka 2014 akawa kocha msaidizi wa kudumu katika timu ya wanaume ya San Antonio Spurs. Akiwa kocha wa Las Vegas Aces alitwaa ubingwa wa WNBA mwaka 2022, 2023 na 2025. Jumba la heshima lilimpokea mwaka 2023.

Upo usemi mwingine tunaoutumia bila kuufikiria: nyota njema huonekana asubuhi. Nyingine huonekana alasiri. Allie Quigley wa chuo cha DePaul aliteuliwa wa 22 mwaka 2008, akaachwa na timu moja baada ya nyingine, akaenda kutafuta maisha Ulaya. Alirudi kwao Chicago mwaka 2013. Mwaka 2014 na 2015 alipewa tuzo ya mchezaji bora anayetokea benchi, na alipoingia kikosi cha nyota kwa mara ya kwanza, mwaka 2017, alikuwa na umri wa miaka 31. Mwaka 2021 akawa bingwa.

Na lile jina la Laney? Yolanda Laney wa Cheyney alipata binti, Betnijah, aliyesoma Rutgers chini ya kocha yule yule wa mama yake, Vivian Stringer. Betnijah Laney aliteuliwa wa 17 mwaka 2015. Mwezi Mei mwaka 2020 timu yake ya Indiana ilimwacha kabla msimu haujaanza. Atlanta wakamchukua, wakampa mpira na dakika, na msimu ule ule akatunukiwa tuzo ya mchezaji aliyepiga hatua kubwa kuliko wote. Mwaka 2024 alikuwa katika kikosi cha New York Liberty kilichotwaa ubingwa. Kati ya kuachwa mwezi Mei na kung'ara msimu huo huo, mikono yake haikubadilika. Aliyebadilika ni kocha aliyeamua ni nani apewe mpira.

Ndugu wasikilizaji, hapa lazima tuwe waangalifu, tusije tukatumbukia shimo la upande wa pili. Wapo wanaosikia habari kama hizi wakahitimisha kwamba orodha ni upuuzi, na kwamba kila asiyetajwa ni lulu iliyozikwa. Hapana. Chamique Holdsclaw, Diana Taurasi na Maya Moore walitajwa mapema kuwa bora, na wakawa bora. Vyuo vya daraja la juu vyenye timu za wanawake ni zaidi ya 350, ilhali mwaka 2024 WNBA nzima ilikuwa na timu 12 zenye nafasi zisizozidi 12 kila moja. Hesabu hiyo ni watu 144. Wasichana wengi wazuri watabaki nje, na wengi wao walipimwa kwa haki.

Na kutajwa nako si dhamana. Sisi Watanzania tunalijua hili kupitia kijana wetu Hasheem Thabeet. Kwa wanaume, mwaka 2009, aliteuliwa wa pili katika Marekani nzima. James Harden alikuwa wa tatu. Stephen Curry, aliyetoka chuo kidogo cha Davidson na kuonekana mwembamba mno, alikuwa wa saba. Thabeet alifanya kazi ya heshima chuoni Connecticut, na kufika pale alipofika ni jambo la kujivunia. Lakini wapimaji walitazama urefu wake wa zaidi ya futi saba wakajaza wenyewe yaliyosalia, kisha mzigo wa makisio yao ukamwangukia kijana. Kukosea kwa kumtukuza mtu kabla ya wakati nako ni kumwonea.

Basi mchezaji asiyevuma apimwe vipi? Historia hii inatufundisha maswali matatu.

La kwanza: amepewa dakika ngapi, na katika hali gani? Msichana aliyefunga pointi 6 katika dakika 8 ana kasi kubwa kuliko aliyefunga 16 katika dakika 32. Ukizigeuza kuwa dakika 40, wa kwanza ana 30 na wa pili ana 20. Lakini uliza pia kama dakika hizo 8 zilikuwa za mwisho wa mechi iliyokwisha amuliwa, wapinzani wamechoka na mawazo yao yako nyumbani. Namba bila mazingira yake hudanganya pande zote mbili.

La pili: mwaka huu anafanya nini ambacho mwaka jana hakukiweza? Katika umri wa miaka 13 au 14 msichana aliyekomaa mapema huwazidi wenzake kwa kimo na nguvu, na majina huandikwa hapo. Akifika miaka 20 wenzake wamemfikia. Anayeongeza jambo jipya kila msimu, leo mkono wa kushoto, kesho pasi, keshokutwa ulinzi, anaonyesha kasi ya kujifunza. Hiyo ndiyo Immaculata waliyoionyesha kati ya kipigo cha pointi 32 na fainali.

La tatu: alipokutana na walio bora kuliko yeye, kilibaki nini? Pointi zitapungua, hilo ni la kawaida. Tazama kama bado anaona pasi kabla haijafunguka, kama bado anasimama mahali sahihi, kama timu yake inacheza vizuri zaidi yeye akiwemo. Hivyo hubaki hata siku ambayo mpira unagoma kuingia.

Maswali haya yote yanadai kitu kimoja kigumu: mtu aende akatazame, tena zaidi ya mara moja. Orodha ni nyepesi, hukaa mfukoni. Na siku hizi kuna jambo jipya. Tangu mwaka 2021 wanafunzi wa Marekani wameruhusiwa kuhama chuo na kucheza mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na vilevile kupata fedha kwa kutumia majina yao. Kwa hiyo mchezaji aliyelelewa na chuo kidogo sasa huonekana haraka, na chuo kikubwa kikaja kumchukua akiwa ameiva. Kwa msichana hiyo ni heri. Kwa kocha mdogo aliyemwona wa kwanza ni kupanda mti ukavuna jirani. Ukanda huu wa dunia unaijua hadithi hiyo vizuri.

Tukirudi basi nyumbani. Bella Murekatete wa Rwanda alicheza katika chuo cha Washington State, chuo ambacho hakikuwa kikivuma katika kikapu cha wanawake. Mwaka 2023 timu yao, ikiwa imepangwa nafasi ya saba, ilitwaa ubingwa wa mashindano ya ukanda wao uliojaa vigogo kama Stanford na UCLA. Mwaka huo huo alivaa jezi ya Rwanda mjini Kigali kwenye mashindano ya Afrika, na nchi yake ikashika nafasi ya nne. Jirani zetu hawa hawana watu wengi kuliko sisi wala warefu kuliko wetu. Kilichotokea ni kwamba njia ilikuwepo, na yupo aliyetazama.

Sisi tuna mashindano ya shule za msingi na ya sekondari kila mwaka. Wasichana hukusanyika kutoka mikoa yote, wengine wakiwa wamecheza kwenye viwanja vya vumbi vyenye kikapu kimoja tu. Tujiulize: ni nani anayeandika dakika zao na pointi zao? Msichana wa Kigoma aliyecheza vizuri mwaka jana, mwaka huu kuna karatasi yoyote inayosema ameongeza nini? Kama haipo, basi tukisema hana kipaji tunasema tusilolijua. Daftari la mistari na kalamu havihitaji mfadhili kutoka nje, vinahitaji mwalimu mmoja mwenye moyo. Penye miti hapana wajenzi, walisema wahenga, na mara nyingi mjenzi hakosi shoka. Amekosa tu kuingia msituni.

Kizuri chajiuza, ni kweli, pale ambapo kuna mtu anapita dukani. Margaret Wade alisubiri miaka 40 mlango ufunguliwe. Lusia Harris alipata nafasi kwa sababu mtu mmoja alifunga safari hadi kijijini kwao. Tusiwaambie binti zetu wasubiri kuonekana, wakati sisi tuliopewa macho hatujaenda kutazama.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaaliwa, tukutane tena juma lijalo.